Sombe ya Kikorea

Kila nikisikia harufu ya gundi ya unga wa muhogo, hasira hunipanda kabla sijakumbuka kwa nini. Juzi mpwa wangu aliichemsha jikoni kwangu, kazi ya shule, sijui ramani gani ya kubandika, na nilipoingia kutoka kazini mvuke ule ukanipiga usoni, nikamgombeza mtoto wa watu bila kosa lolote. Akaniangalia, akauliza nimekuwaje. Ningemweleza nini? Ningeanzia wapi kumwambia kwamba kuna wakati nyumba yetu ya Kamembe, Rwanda, karibu na mpaka wa Kongo, ilinuka gundi hiyo siku nenda siku rudi, kwenye mapazia, kwenye nywele, hata kwenye chai, kwa sababu dada yangu alikuwa ameamua kuhamishia Korea sebuleni kwetu?

Watoto wa leo hawajui taabu yetu ya filamu. Sisi tulikodi sidii kwa kijana mmoja karibu na soko, na juu ya sauti za Wakorea wenyewe kulikuwa na sauti ya mfasiri, mtu mmoja tu, aliyesema Kinyarwanda badala ya wote: mfalme ni yeye, bibi ni yeye, kichanga kinacholia ni yeye. Mahali pakimchosha aliongeza ya kwake. Alisalimia rafiki zake, alimtukana adui wa filamu, alisema mfalme ana hamu ya ikigage, ile pombe ya mtama ya kwetu, na sisi tuliamini yote. Kwa akili yangu ya utoto nilijua kwamba Korea iko mahali fulani nyuma ya milima ya Bukavu, kwamba watu wa huko hula wamekaa chini, huinama sana, hulia kila siku na hunywa ikigage. Hakuna aliyenisahihisha. Mwalimu wetu mwenyewe alikuwa akiziazima sidii zilezile.

Mshabiki mkubwa kuliko wote alikuwa Ansima, rafiki yangu, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa mtoto wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nchini Kongo. Nyumba ya mama yake iliungua katika moto mmoja wa ile mioto inayopita mtaa wa Kadutu na kumaliza safu nzima ya nyumba za mbao, na mama huyo, aliyekuwa akiuza vitenge sokoni, akamvusha mtoto mpakani akamwacha Kamembe kwa dada yake mpaka apate mahali pengine pa kukaa. Dada huyo sote tulimwita Tantine, kama Ansima alivyomwita. Mahali pengine hapakupatikana. Mvua ziliisha, zikarudi, na mama ambaye mwanzoni alikuja kila Jumapili akaanza kuruka Jumapili moja, kisha mbili, kisha akawa anatuma salamu tu kwa mdomo wa Maman wangu, kwa kuwa Maman alivuka kila siku kwenda kuuza nyanya upande ule.

Ansima hakuwa mtu wa kulalamika. Aliosha vyombo vya Tantine, alisoma, na jioni alikuja kwetu kutazama Wakorea. Tantine alikuwa na maneno makali. Sikuwahi kumsikia akiliita jina la Ansima bila kuongeza lawama nyuma yake: Ansima, ndoo, Ansima, miguu hiyo, Ansima, sukari imeisha tena. Kwa mawazo yangu ya wakati ule, alikuwa anangoja tu siku ya kumrudisha alikotoka.

Sasa, jioni moja katika filamu ilifika siku ya kuzaliwa ya msichana fulani. Asubuhi na mapema mama yake akamwekea bakuli la kitu cha kijani, majani yaliyolegea ndani ya mchuzi. Msichana akaonja kijiko kimoja, akaanza kulia. Mfasiri akasema kwamba mama amempikia isombe, yaani sombe, kisamvu cha kwetu. Tukatazama vizuri, tukaona kweli ni kijani, tukakubali. Nilipogeuka kwa Ansima nikakuta hatazami tena. Alikuwa ameinama anachuna nyuzi za mkeka.

"Ni mama mwenyewe njo anapika," akasema. "Haiko muntu mwingine."

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba ile haikuwa sombe hata kidogo. Ni majani ya baharini, na supu yake hupewa mwanamke aliyetoka kujifungua, kama sisi tunavyompelekea mzazi uji wa mtama akiwa bado kitandani. Mtoto huinywa kila mwaka ili aikumbuke siku ile ya mama yake. Kwa hiyo kama ni kuwafuata Wakorea sawasawa, tungetafuta uji, na wa kukumbukwa angekuwa mama. Lakini nani angetuambia? Mfasiri? Huyo alikuwa ameshamsalimia shemeji yake wa Bugarama akaendelea na safari. Tukabaki na sombe yetu.

Olive dada yangu ndiye aliyeibeba sombe hiyo akaifanya mradi. Alikuwa ameingia sekondari, na kwa maoni yake hilo lilimpa haki ya kuiamuru dunia. Alifunga mlango wa chumba chetu, akaniketisha kitandani, akasimama mbele yangu kama mkuu wa shule.

"Ansima anafikisha miaka kumi," akasema. "Tutamufanyia siprize. Siprize ya Kikorea. Na mama yake atakuya kumupikia sombe."

"Nani alisema mama yake atakuya?"

"Maman atamuambia kule ku soko. We unauliza maulizo mingi."

Maman alikubali, ila alikuwa na neno. "Musimuambie mutoto kitu," akasema. "Mama yake akikosa kuya, mutamufanya nini huyu mutoto?" Olive akaapa kwamba siri hiyo ataingia nayo kaburini. Olive, ambaye akinong'ona mbwa wa mtaa wa pili wanaamka.

Basi ikaanza taabu yangu. Kila jioni nilikata karatasi za madaftari ya zamani, nikazipaka gundi, nikazifanya taa za Kikorea, na kila jioni Olive alizichambua na kunirudishia nusu. Zimepinda. Hazina pindo. Wakorea hawatundiki takataka. Nilimwuliza ni Mkorea gani atakayekuja kuzikagua hapa Kamembe, akaniambia hiyo ndiyo sababu nchi haziendelei. Aliwakusanya watoto wa mtaa akawafundisha kuinama, na rula mkononi, mpaka mmoja akaanza kutokwa damu puani. Alituma watu kuomba vijiti vya mishikaki kwenye baa ya barabarani, akavichemsha, tukajifunza kula navyo sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilizokaangwa. Vijiti vilinuka mbuzi. Sambaza zilituruka zikaenda chini ya makochi, na paka wetu hajawahi kunenepa kama wakati ule.

Kisha meza. Wakorea hukaa chini, kwa hiyo meza lazima iwe fupi na ndefu, na meza ya namna hiyo hatukuwa nayo. Jioni moja Papa alirudi kutoka kazini, akajifunga taulo, akatoka uani na sabuni yake, akarudi mbiombio.

"Mulango ya dushi iko wapi?"

"Iko meza ya Korea, Papa," Olive akajibu bila kuinua kichwa. Mlango wa bafu ulikuwa sebuleni, umelazwa juu ya kreti za Fanta, umetandikwa shuka.

"Na miye nikoge Korea?"

Papa wangu alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinikasirisha kuliko yote. Mtu mwingine angemzaba Olive kofi mambo yakaisha. Yeye alitundika pazia kuukuu mahali pa mlango, akawa anaoga huku anaimba kwa sauti ili watu wajue kuna mtu ndani.

Lakini jambo lililonitoa moshi masikioni lilikuwa lile la kulia. Kama hujui siprize ya kwetu, sherehe ya kumshtukiza mtu, inakwenda hivi. Haitoshi kumpikia mtu na kumwimbia. Kwanza siku yenyewe inaanza watu wote wamemnunia. Hakuna anayemsalimia. Kisha anazuliwa kosa, anashtakiwa mbele za watu, anagombezwa mpaka machozi yatoke, na hapo ndipo mlango unafunguliwa, watu wanapiga kelele, anamwagiwa maji ndoo nzima, na wote wanacheka na kukumbatiana. Sijui nani alianzisha. Mimi mwenyewe nilipofikisha miaka tisa niliambiwa nimemwua kuku wa jirani, na nililia hata baada ya kumwona kuku huyo anatembea.

"Tutasema alipoteza sidii ya kukodi," Olive akapanga. "Mi nitamupandia juu, na weye utasema ulimuona."

"Olive, huyu haiko muntu wa kuliza. Mama yake mwenyewe hayuko hapa."

"Asipolia, hiyo haiko siprize. Iko reunio, mukutano tu."

Nikakataa kusema nilimwona. Nikakubali kusimama pale nimenuna tu, na hata hilo nililikubali kwa sababu ya kuchoka.

Siku ikafika, Jumamosi. Ansima alikuja kwetu asubuhi kuteka maji, kama kawaida, amevaa gauni lake la bluu. Olive akaanza. Alimshtaki, akamwita mwizi, akamwita mtu wa kupokelewa kwa huruma ambaye hajui kutunza vitu vya watu. Hilo la mwisho halikuwa kwenye mpango, na nilimwona Olive mwenyewe ameshtuka lilipotoka. Watoto wa mtaa walisimama mstari mmoja nyuma yake, nyuso zimekunjwa, wengine wanajizuia kucheka. Ansima aliweka ndoo chini. Alimtazama Olive, akanitazama mimi, kwa muda, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Sawa," akasema. Akabeba ndoo yake akaenda.

"Hakulia," Olive akasema, amekereka kabisa. "Umeona? Hata kulia hajui."

Mimi nilikuwa nimeshaona. Niliona moyo wake umevunjika, niliona hatatusamehe, niliona urafiki wetu umekwisha kwa ajili ya taa za karatasi. Hivyo ndivyo nilivyomsoma, na nilikuwa na hakika kabisa.

Tukaingia kupamba. Mama yake Ansima alikuwa ametuma neno kwamba atafika kabla ya chakula cha mchana. Mchana ukafika bila yeye. Olive alituvalisha vitenge vya Maman, vimefungwa juu kabisa chini ya makwapa na kuachwa vipanuke hadi chini, eti ndivyo wanawake wa Kikorea wanavyovaa. Tantine naye akaja, maana Maman alikuwa amemwomba, na Olive hakumwogopa, akamfunga kitenge vilevile. Tantine akasimama katikati ya sebule mikono imetengana na mwili kama mtoto anayepimwa nguo.

"Kelele hii yote," akasema. "Na mudogo wangu hajakuya. Nilijua. Huyu hana saa."

"Na Ansima iko wapi?" nikamwuliza.

"Alitoka na mufuko asubuhi. Alisema anaenda ku koro. Huyu na koro yake, vyombo vyote vimebaki."

Nikaridhika kwamba yuko kanisani kwenye kwaya, analilia huko. Tukangoja. Watoto walichoka kuinama, wakaanza kula sambaza kwa mikono. Taa mbili zikaanguka, moja ikaingia kwenye sufuria ya wali. Jua lilipoanza kuelekea upande wa ziwa Olive akashindwa kuvumilia, akanigeukia. Kila jambo lililomshinda Olive lilikuwa na tabia ya kunigeukia mimi.

"Enda ku bariere umungoje mama yake. Ukimuona, mukuye mbio."

"Juu ya nini miye?"

"Juu weye unajua njia."

Watu wote wa Kamembe wanaijua njia ya bariere, kizuizi cha mpakani. Ni barabara moja inayoteremka mpaka mtoni. Lakini nilikwenda, na kitenge changu chini ya makwapa, nakanyaga pindo kila hatua ya tatu, na dereva wa pikipiki akapunguza mwendo kando yangu ili aniulize bibi harusi anaenda wapi bila bwana. Nilimjibu maneno ambayo Maman angenipigia. Njia nzima nilikuwa nawahesabia makosa yao: Olive na rula yake, Papa na upole wake, mama wa Ansima asiyejua saa, Ansima aliyekwenda kulia kwenye kwaya badala ya kulia mbele yetu mambo yakaisha vizuri.

Rusizi ya Kwanza, kituo chenyewe cha kuvukia, saa hizo ni mbio tupu. Wanawake wanarudi na beseni tupu, wengine na beseni zilizojaa, wabebaji wamebeba magunia wanapiga kelele wapishwe, kila mtu ameshika jeton yake mkononi, kile kikaratasi cha kuvukia na kurudi siku hiyohiyo. Nilisimama natafuta uso wa mama yake Ansima katika wale wanaoingia. Sikuuona. Nikageuka kutafuta mahali pa kukaa, na hapo, kwenye magunia ya unga yaliyopangwa kando ya ukuta, nikawaona wote wawili.

Ansima alikuwa amekaa amening'iniza miguu. Mama yake alikuwa amekaa kando yake, sufuria imefungwa kitenge iko mapajani, kifuniko kimefunguliwa. Sombe ilikuwa imeshapikwa. Walikuwa wanaila kwa vidole, na kipande cha ugali baridi kilichofungwa kwenye karatasi, bila vijiti, bila meza, bila taa hata moja. Mama alikuwa anamfinyangia mtoto tonge. Mtoto wa miaka kumi, analishwa kama wa mwaka mmoja, katikati ya wabebaji.

Nilikimbia mpaka pale nikayatapika yote kwa pumzi moja. Kwamba sidii haijapotea. Kwamba ni uongo wa Olive. Kwamba ni siprize, tumeifanya Korea yote nyumbani, na meza, na taa, na maji ya kumwagia, asikasirike, aje sasa hivi kabla wali haujaharibika.

"Nilijua," Ansima akasema, mdomo umejaa.

"Ulijua nini?"

"Siprize. Munapiga kelele sana. Mutaa yote inajua."

Nilimtazama. Nilifikiria usiku wote ule wa kunong'ona, gundi, sambaza, damu ya puani ya yule mtoto. "Sasa juu ya nini haukungoja ku nyumba?"

"Nilisikia Olive anasema mama atakuya." Alijipangusa vidole kwenye gauni. "Nikaogopa. Angekuya kwenu angepika, angecheza, angerudi bila miye. Njo nikakuya kumungojea hapa."

Ndipo nilipouona mfuko, umekaa kwenye gunia nyuma yake. Ulikuwa umejaa mpaka zipu haifungiki. Daftari zilikuwa zinachungulia, na viatu vya kanisani. Tangu asubuhi alikuwa amekaa pale na mfuko huo, anatazama kila mwanamke anayeingia. Hakuwa amevunjika moyo wala kuninunia. Siku ile yote hakuwa akiniwaza mimi kabisa.

"Mi nilikuya kupika tu," mama yake akaniambia, kana kwamba mimi ndiye hakimu. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. "Nilisema nipike kabisa kule, nisipoteze saa, kisha nikachelewa ku foleni. Ninafika hapa, naona mutoto wangu na mufuko. Ninamuambia sijapata nyumba. Nalala kwa batu, chini, siye bamama bane chumba kimoja. Nitamuweka wapi?"

"Nitalala chini," Ansima akasema.

"Unasikia? Kutoka mchana ni hiyo tu. Nitalala chini, nitalala chini."

"Na masomo?" nikauliza. Nilijikuta nimeuliza kama mtu mzima, na sauti yangu ilikuwa kali. Nilitaka abaki. Hilo tu. Sikuwa na rafiki mwingine, na nilitaka abaki kwa Tantine mkali, aoshe vyombo vyake, aje kwetu jioni, na sikujali kabisa kama mama yake analala wapi.

"Kule pia kuko masomo," Ansima akasema.

Askari mmoja wa mpakani akapaza sauti kwamba wanaotaka kupita wapite, wanafunga. Wabebaji wakaanza kukimbia. Akatuona pale, akasogea. "Maman, jeton yako ni ya leo. Unapita ao unabaki?"

Mama yake Ansima alifunika sufuria. Alifunga kitenge juu yake, akakifungua, akakifunga tena, ingawa kilikuwa kimekaa vizuri tangu mara ya kwanza. Ansima alimwangalia mikono. Hakusema tena kwamba atalala chini. Sasa ndipo machozi yake yalipoanza kutoka, yale ambayo Olive alikuwa ameyatafuta asubuhi nzima.

"Na huyu mutoto?" askari akauliza.

"Ni wangu," mama akasema. Akasimama, akaweka sufuria kichwani, akachukua mfuko kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine. Akanigeukia. "Umuambie dada yangu nitamupigia. Umuambie asikasirike."

Wakaenda. Daraja lile si refu, unaweza kumfuata mtu kwa macho mpaka upande wa pili. Nilipunga mkono tangu mwanzo, nikaendelea kupunga, nikingoja Ansima ageuke. Hakugeuka. Alikuwa anaangalia juu, anamwambia mama yake jambo, na kutoka mgongoni niliona tu kwamba anaongea sana, yeye ambaye kwetu alikuwa mtu wa maneno machache. Nilikasirika, nikashusha mkono. Mtu umemkatia taa mpaka vidole vimeota malengelenge, na hageuki hata mara moja.

Nilipanda mlima huku nimeshika pindo la kitenge mkononi kama mwanamke mzee. Giza lilikuwa linaanza. Kwetu madirisha yalikuwa yamefungwa na taa zimezimwa, na katika hasira zangu nilisahau kwa nini. Nikasukuma mlango.

"Sengili!" wakapiga kelele wote, neno walilofikiri Wakorea husema, na ndoo nzima ya maji ya baridi ikanishukia kichwani. Taa zikawaka. Taa zangu za karatasi zilikuwa zimelowa ukuta mzima, gundi inatiririka. Watoto walikuwa wameinama mistari miwili, matako juu, kama walivyofundishwa.

"Kumbe ni weye!" Olive akafoka, ndoo mkononi. "Umeharibu yote! Ansima iko wapi? Mama yake iko wapi?"

"Banaenda," nikasema.

"Banaenda wapi?"

"Kwabo. Bukavu. Ansima alibeba mufuko. Alijua yote. Alijua tangu zamani." Nikaanza kulia kwa sauti, mdomo wazi. Nilisema najua watu wote watafurahi sasa, hasa Tantine, maana hakumtaka tangu mwanzo. Maman akaniambia ninyamaze. Papa akaniletea taulo. Olive alikaa kwenye kona ya mlango wa dushi, meza yetu ya Korea, ndoo mapajani.

Tantine alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka pamoja na watoto, kama Mkorea. Alijiinua taratibu, akishika goti. Sote tulingoja maneno yake.

"Alibeba sweta?" akauliza.

Nikasema sikuona. Niliona daftari na viatu.

"Huyu mutoto ana kifua," akasema. "Usiku kule milimani baridi inamupiga, anakohoa mpaka asubuhi. Ile sweta niliianika jana."

"Bariere imefungwa, Tantine," Olive akamwambia kwa upole nisioujua kwake.

Tantine alitoka nje, nikasikia vibanio vya nguo vikianguka kimoja kimoja kwenye sahani ya bati upande wa kwake. Nilikwenda mlangoni na taulo kichwani. Alikuwa ameshafika barabarani, anateremka kwa haraka kuelekea mtoni, sweta mkononi, na bado amejifunga kile kitenge juu kabisa, chini ya makwapa.